Saa Mia Mbili na Kumi na Nne

Mashine ilikaa chumbani kwa baba mwaka mzima ikiwa imevishwa kitambaa cha maua, kile ambacho marehemu mama alikuwa akikitandika mezani wageni wakija. Chini ya kitambaa kulikuwa na nailoni yake ya dukani, imefunuliwa upande mmoja tu, pale penye swichi na bomba. Ukiingia ungedhani kuna mtu amekaa pembeni ya kitanda, mfupi, mnene, aliyekuja kusalimia akakosa la kusema.

Ilikuwa mashine ya oksijeni. Baba alikuwa na mapafu ya pamba. Madaktari wana jina lao refu la ugonjwa huo, lakini sisi watoto wa kiwanda cha kuchambua pamba hatulihitaji, kwa sababu tuliwaona baba zetu wakirudi jioni na nyusi nyeupe, wakikohoa kabla ya kusalimia. Baba alikula vumbi lile miaka ishirini na sita. Alipostaafu akawa anapanda ngazi tatu za mlangoni kwake na kusimama kwenye ya pili, kama mtu aliyesahau kitu sokoni.

Ndugu na wenzake wa zamani wa kiwandani walijichangisha, mashine ikanunuliwa, risiti ikaandikwa jina lake, na dada yangu akaiweka kadi ya waranti ndani ya mfuko wa vyeti, pamoja na cheti cha ndoa ya wazazi wetu. Mwaka mmoja, ilisema kadi. Daktari alimwambia baba aitumie kila anapobanwa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na sikumlaumu daktari. Mtu aliyefanya kazi miaka yote ile bila kulalamika hajui kubanwa ni nini. Kwa baba, kama midomo haijabadilika rangi, hajabanwa.

“Mbona huiwashi?” nilimuuliza siku moja nikimkuta amekunja mwili kitandani kama kisu cha mfukoni.

“Itachakaa,” alisema. “Tuitunze. Siku mbaya zinakuja. Akiba haiozi.”

Nami sikumbishia. Nimebishana na mameneja, na polisi, na mkuu wa shule aliyenifukuza, lakini neno hilo lilinipita kama upepo, kwa sababu nimelelewa nalo. Nyumbani kwetu kulikuwa na sahani za wageni ambazo hazikuwahi kuona mgeni. Viatu vyangu vya kwanza vya ngozi vilikaa ndani ya boksi mpaka mguu ukavizidi, vikapewa binamu, naye akaviweka ndani ya boksi. Watu waliopata vitu kwa taabu huviogopa vitu vyao. Nilijua hilo. Nilikuwa nikilihubiri barabarani, pale ninapouza vitabu vya mitumba, kwa yeyote aliyesimama kunisikiliza. Nyumbani kwa baba yangu sikuliona.

Siku kumi na mbili baada ya waranti kwisha, Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, baba alibanwa hata yeye akakubali kuwa amebanwa. Dada, ambaye ni mpishi wa shule na anaishi naye, alikuwa hajatoka. Aliivua mashine kitambaa, akaiwasha, akamwekea baba bomba puani. Ikanguruma vizuri. Taa ya njano ikawaka badala ya kijani, lakini nani alijua maana ya rangi? Baba alivuta saa nzima, na kila alivyovuta ndivyo alivyozidi kuzama. Walimkimbiza hospitali kwa gari la jirani. Muuguzi mmoja, aliyekuwa na kifaa cha kupimia, alipitia nyumbani kwetu siku ya pili, akapima kinachotoka kwenye bomba, akamwambia dada kwa upole kwamba mashine ilikuwa ikitoa hewa tu. Hewa hii hii ya chumbani, ila kwa kelele.

Nikaipeleka dukani, nimeikumbatia kama mtoto anayeharisha.

Meneja wa duka alikuwa kijana nadhifu mwenye sauti ya mtu anayesoma taarifa ya msiba wa wengine. Aliniita kaka. Alisema angependa kunisaidia kwa moyo wake wote lakini mfumo umeshafunga. Alinigeuzia kompyuta nione kwamba si yeye, ni mfumo.

“Ungekuja siku kumi na tatu zilizopita, kaka, sasa hivi tungekuwa tunakunywa chai.”

“Siku kumi na tatu zilizopita ilikuwa haijatuambia kwamba imekufa.”

Alicheka kidogo, kwa heshima. Akamwita fundi wake kutoka chumba cha nyuma, nadhani ili anionyeshe kwamba wamejitahidi. Fundi alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Kitu cha kwanza alichokitazama ni kidirisha kidogo chini ya swichi, ambacho sisi hatukuwahi kukijali. Mashine hizi huhesabu saa zake zenyewe, alinieleza, kama gari linavyohesabu kilomita. Yetu ilisoma mia mbili na kumi na nne.

“Mwaka mzima?” aliuliza. “Hii inatakiwa iwe elfu na kitu. Mlikuwa mnaifanyia nini?”

“Tuliitunza.”

Aliniangalia, kisha akaangalia chini. Akafungua mfuniko, akanionyesha mitungi miwili yenye punje nyeupe, mfano wa chumvi ya mawe. Kazi ya punje hizo ni kuichuja hewa ili ibaki oksijeni. Lakini zina kiu. Mashine ikikaa wiki kadhaa bila kuwashwa, zinakunywa unyevu wa chumba, zinalowa, na zikishalowa hazichuji tena. Ikiwashwa mara kwa mara hudumu miaka. Ikitunzwa, inaoza.

Meneja alilidaka neno hilo kabla halijafika chini. Basi, alisema, kosa si la kiwanda wala la duka. Kosa ni la mteja, ambaye hakuitumia bidhaa.

Nimeishi miaka arobaini na mbili. Nimesikia bidhaa ikikataliwa kwa sababu imetumiwa sana, imetumiwa vibaya, imetumiwa na mtoto, imetumiwa umeme ukiwa mdogo. Siku ile ndiyo ya kwanza kusikia imekataliwa kwa sababu mwenyewe aliiheshimu. Niliuliza ni nani alimwambia mzee wangu kuhusu punje. Meneja akanyooshea kidole kitabu cha maelezo. Nikakifungua pale pale kaunta. Kurasa themanini, lugha sita, na hakuna hata moja ambayo baba angeweza kuisoma. Yetu haikuwemo.

Halafu nikamsomea sheria. Ninayo, nilikuta nakala yake kwenye gunia la vitabu vya mitumba, kati ya riwaya za mapenzi, nikaisoma mpaka kurasa zikalegea. Inasema bidhaa lazima ifae kwa kazi yake, na idumu kwa muda ambao mtu mwenye akili timamu angeutarajia, na muuzaji amweleze mnunuzi kile asichoweza kukijua mwenyewe. Waranti ni ahadi ya duka iliyowekwa juu ya sheria, haikuja badala yake. Nilimwambia: waranti ni kofia, sheria ni kichwa. Kofia ikidondoka, bwana, kichwa hakiondoki.

Fundi alijifanya anakohoa. Wateja wawili waligeuka. Meneja akaona afadhali tuzungumze ofisini, na huko sauti yake ikawa tamu. Wangebadilisha punje, ambazo sisi kuzinunua tusingeweza, ndani ya wiki moja, bure, kwa hisani ya kampuni. Kulikuwa na karatasi ya kusaini tu. Niliisoma. Ilisema mteja anakubali kwamba muuzaji hana wajibu wowote, na kwamba hatalalamika popote, sasa wala baadaye.

Niliikunja nikaiacha mezani. Nikabeba mashine yangu, nikatoka.

Hapa lazima nieleze jambo, la sivyo mtaniona mwendawazimu. Karatasi ile niliwahi kuiona. Kiwanda cha pamba kilipouzwa, nikiwa na miaka ishirini na mitatu na nikifanya kazi humo humo, wenye kikohozi waliitwa ofisini mmoja mmoja. Kila mmoja alipewa blanketi, barua ya shukrani na kifuta jasho, akasaini chini ya maneno “sina dai lolote”. Baba alikuwa msimamizi wa zamu. Alisaini wa kwanza. Watu arobaini na mmoja walimwona msimamizi wao amesaini, nao wakasaini nyuma yake. Blanketi moja moja kwa kila jozi ya mapafu. Mwenye kiwanda mpya akaingia na karatasi zake safi, na mahakamani kesi yetu haikufika hata ngazi ya pili.

Sikumsamehe baba. Miaka kumi na tisa, kila tulipogombana, hata juu ya chumvi, nililitoa lile. Wewe mtu wa kusaini, nilimwambia. Ulisaini bila kusoma. Alikuwa akitazama mikono yake.

Basi nilikwenda ofisi ya malalamiko ya walaji. Foleni ya pale ni ya watu waliobeba vitu vyao vilivyokufa: pasi, feni, redio, na bwana mmoja aliyekuja na mlango wa friji peke yake, kwa sababu friji lenyewe lisingeingia kwenye gari, akawa anaufungua na kuufunga ili tuone unavyolia. Tulicheka, na ilikuwa mara ya mwisho mwezi ule. Karani, mama mwenye miwani ya kamba, aliandika yote kwa mwandiko mzuri. Akanipa tarehe ya shauri: wiki saba mbele. Nilimwambia mgonjwa hana wiki saba. Alisema, bila ubaya, kwamba mwenye mlango wa friji alisubiri tisa.

Hospitali ilikuwa na mitungi michache ya oksijeni na pua nyingi. Baba alikwenda, akavuta, akarudishwa, akaenda tena. Dada aliacha kunisalimia. Wiki ya tatu alinikuta mlangoni, akaweka beseni chini.

“Wewe unapigania haki, mimi napigania pumzi,” alisema. “Niambie, mdogo wangu, kati yetu wawili nani atachelewa?”

Nilianza kumweleza kuhusu arobaini na mmoja, na kwamba tukisaini sisi, kila duka litaendelea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno hayo yote ameyasikia tangu akiwa msichana, na hajaona hata siku moja yakiingia puani mwa mtu.

Kesho yake nilirudi dukani. Sitaeleza nilivyopanga maneno njiani wala nilivyoyasahau. Meneja alikuwa muungwana, akanitolea karatasi bila hata kutabasamu, na kwa hilo namshukuru. Risiti ilikuwa na jina la baba, kwa hiyo sahihi ilitakiwa iwe ya baba. Niliiweka karatasi mfuko wa shati, na kalamu juu yake.

Baba alikuwa amekaa kitandani, miguu chini, mikono juu ya magoti, namna pekee iliyompa nafasi ya kupumua. Nilimwambia ni karatasi ya duka, mashine itatengenezwa wiki ijayo, asaini tu hapa. Alinyoosha mkono, akaomba miwani yake.

Alisoma kwa kidole. Baada ya kila mstari alipumzika. Dada alisimama mlangoni na mimi nikasikia maji yakichemka jikoni, na hakuna aliyekwenda kuyatoa motoni.

“Hii naijua,” alisema mwishowe.

“Siyo ile, baba.”

“Ni ile. Imebadilisha shati tu.”

Alinirudishia kalamu. Nikamwambia haina neno, kesi si muhimu, nilikosea. Nilipiga magoti. Sijui kama niliwahi kumpigia mtu magoti kabla ya hapo. Alichukua muda mrefu kukusanya pumzi ya sentensi moja.

“Miaka kumi na tisa unaniambia nilisaini bila kusoma,” alisema. “Leo nimesoma.”

“Nilikuwa na hasira tu, baba. Nilikosea.”

“Hukukosea, mwanangu. Ndiyo maana sisaini.”

Akalala upande wake, akageukia ukuta. Nilibaki na karatasi mkononi. Niliwaza kuighushi sahihi yake, ninaijua, nimeitazama kwa chuki nusu ya maisha yangu. Lakini dada alikuja akaichukua ile karatasi, akaenda nayo jikoni, nikasikia mfuniko wa jiko ukifunguliwa na karatasi ikishika moto. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema. Janga hili nililichuma mimi, neno kwa neno, miaka kumi na tisa, na aliyelila ni baba.

Alikufa Alhamisi mchana, wiki ya tano, kwenye benchi la hospitali. Alikuwa wa saba kwenye foleni ya mtungi. Dada anasema alipoona wa sita ni mwanamke mwenye mtoto mgongoni, alianza kujisogeza aongeze nafasi.

Siku ya shauri nilitaka nisiende. Dada ndiye aliyevaa, akaniambia vaa. Duka lilileta wakili. Alisimama akasema mlalamikaji ameshafariki, kwa hiyo hakuna lalamiko. Mwenyekiti wa shauri, mwanamke mzee asiyependa maneno mengi, alimwambia mashine bado ipo na risiti bado ipo, akae. Kisha akamgeukia meneja na kumuuliza swali moja tu: siku ya kuuza, ni nani alimweleza mnunuzi kwamba kitu hiki hufa kikikaa bila kuwashwa?

Meneja alitaja kitabu cha maelezo. Mwenyekiti akakiomba, akakifunua, akakifunga.

Halafu akaitwa fundi. Mimi sikumwita, ni yule karani wa mwandiko mzuri aliyeona jina lake katika maelezo yangu. Fundi alivua miwani, akaipangusa, akasema mashine ile ilikuwa ya nne kuletwa mwaka ule kwa ugonjwa huo huo. Alisema aliwahi kuandika tangazo dogo la kubandika kwenye kila mashine, “Iwashe kila siku”, akaambiwa litawaogopesha wateja. Alisema kwa sauti ya chini, akimtazama dada na si mwenyekiti. Juzijuzi nimempita barabarani, chini ya mwavuli, akitengeneza feni. Dukani hayupo tena. Nilimsalimia, naye akanisalimia.

Tulishinda. Uamuzi ulisema kwisha kwa waranti hakumwondolei muuzaji wajibu wake, na kwamba atoe mashine mpya. Wakili alinipa mkono akasema hongera. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo tangu nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukingo wa maua, na dada akakaa pembeni yangu.

Mashine ililetwa kwa gari la duka, ndani ya boksi, na kadi mpya, mwaka mmoja kuanzia siku ile. Dada hakutaka ivuke kizingiti. Tukaipakia kwenye mkokoteni tukaipeleka kwa Robota.

Robota ni rafiki wa baba. Jina hilo alipewa enzi ambazo aliweza kubeba robota zima la pamba mgongoni bila kusaidiwa kulishusha. Siku ile ya kusaini alikuwa wa nne kwenye mstari. Sasa mabega yamebaki kama henga ya nguo, na daktari ameshamwandikia oksijeni kila siku, karatasi iko ukutani imebandikwa karibu na kalenda. Tulipolifungua boksi aliinuka, akaizunguka mashine, akaipapasa juu ya nailoni kwa kiganja, kama mtu anayempapasa ng'ombe wa mahari.

“Marehemu angefurahi,” alisema. Kisha, nilipoinama kuivua: “Aa, mwanangu, iache na nailoni yake. Isije ikaingia vumbi. Sisi tuitunze kwanza, mpaka nitakapozidiwa. Akiba hai—”

Dada alitoka nje.

Mimi nilijaribu kuichana nailoni kwa vidole, ikakataa. Nikaichana kwa meno. Niliichana yote, mbele na nyuma, nikaikunja nikaitia mfukoni ili asije akairudisha. Nikachomeka waya, nikamvisha bomba puani huku akilalamika kwamba mbona hajabanwa, mbona leo ana nafuu, mbona sisi vijana hatujui kutunza vitu.

“Vuta tu, mzee.”

Taa ya kijani ikawaka. Kidirisha kilisoma sifuri. Dada akarudi, akakaa kwenye mkeka, na sisi watatu tukakitazama mpaka kikaandika moja.